Siku ya Thelathini na Mbili

Nirjala Shilpakar alikuwa amechoka kwa muda mrefu hata uchovu wenyewe ukawa kama mtu wa nyumbani, anayekaa mezani bila kukaribishwa na kula bila kusema asante. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza akitunza mtambo mmoja wenye kimo cha kabati la nguo, katika ghorofa ya chini ya jengo moja la Kathmandu, mahali ambapo baridi ya viyoyozi haikujua kiangazi wala masika. Jioni alivuka mto kurudi Patan akiwa na koti la sufu begani hata mwezi wa Asar, watu wote wakitokwa jasho na mvua za joto, na majirani walimwona wakacheka: "Huyu ametoka kazini au ametoka Tibet?"

Simu yake ililala chini ya mto wa kitanda. Akioga, aliiweka kwenye kidirisha cha bafu ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi wakimwuliza kwa nini hakuolewa, alikuwa na jibu lake moja analolitoa bila hata kuinua uso: "Mwanamume gani atakubali kuwa mke mwenza wa mtambo?" Shangazi walicheka, kisha wakaacha kuuliza, na kuacha kwao hakukumfurahisha kama alivyotarajia.

Ndani ya mtambo ule mlikaa seva nne. Ukifungua mlango hukuziona, maana hazikuwa na miili. Ulikuwa mtambo mmoja uliokatwa kwa kuta zisizoonekana, kama nyumba zetu za zamani zinavyokatwa ndugu wakirithi, kila mmoja na ubavu wake mwembamba toka chini hadi kwenye vigae. Chumba cha kwanza kilikuwa cha hospitali moja. Cha pili kilikuwa cha tiketi za mabasi ya masafa marefu, cha tatu cha vifurushi, na cha nne cha ofisi za kata, mia mbili na kitu, ambazo zilipakia humo ripoti na picha za barabara, mitaro na madaraja yao. Kila chumba kilipewa memori yake, nafasi ya kufanyia kazi, siku ya kwanza na kuta zikafungwa. Saa nne asubuhi hospitali ilipohemewa, foleni ya wagonjwa imefika mtaani, chumba cha kata kilikuwa kimelala fofofo juu ya memori tele, na hakikuweza kumwazima jirani hata chembe.

Kununua memori nyingine haikuwezekana. Ya mtambo wa umri ule ilikuwa haitengenezwi tena. Ndipo Nirjala akamweleza mkuu wao, Shobhakar, kwamba kuna njia ya kuiweka memori yote mahali pamoja, kila chumba kichote kinapohitaji na kiachie kinapolala.

"Basi zishirikiane," Shobhakar alisema, kama mtu anayewaambia watoto wagawane andazi, akarudi kwenye chai yake. Maneno mawili, na Nirjala akapata kazi ya miezi mitatu.

Baba yake, Astaman, ndiye aliyetaka kuelewa. Mzee huyo alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka arobaini, akichomeka herufi za risasi moja moja, na kalenda za mwaka zilipita mikononi mwake zote. Walikuwa wanakula, yeye na bintiye, wawili tu.

"Kwa hiyo unazibomoa kuta?"

"Kuta zinabaki, Baba. Ni memori tu inayowekwa pamoja. Kama masufuria ya ukoo."

Mzee akaelewa palepale. Ukoo wao ulikuwa na masufuria sita makubwa ya shaba na nyumba ishirini na mbili. Hakuna nyumba iliyonunua ya kwake. Mwenye karamu alichukua, akapika, akasugua, akarudisha.

"Na siku wote wana karamu?"

"Siku hiyo ndiyo lazima niijue mapema. Nipange nani anapata kwanza."

"Na anayekosa sufuria?"

"Anapikia uani kwenye kisufuria kidogo, polepole. Kwetu sisi uani ni diski. Chakula kitaiva, lakini lini?"

"Wageni watakufa njaa," mzee alisema.

"Ndiyo maana silali."

"Wewe hulali tangu hujaanza hiyo," baba yake alisema, akamwongezea dengu.

Ila miezi mitatu ile Nirjala hakuhangaikia mtambo peke yake. Mwaka huo Astaman alikuwa anatimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Kwetu Wanewari mtu akifika hapo hufanyiwa janko: huvishwa nguo nyekundu za kutarizi kama bwana harusi, hukalishwa kwenye kigari cha mbao, na watoto na wajukuu humvuta kwa kamba kuzunguka mtaa, kwa kuwa kuanzia siku hiyo amepanda daraja, si mzee wa kawaida tena. Astaman hakuwa na mtoto wa kiume. Wapwa walijitokeza, kila mmoja na misuli yake, na mzee akawaambia wote wakae nyuma; mkono wa kwanza kwenye kamba ni wa Nirjala.

Kwa bintiye alitaka jambo moja tu. "Siku hiyo uwepo," alimwambia. Kisha akaongeza: "Uwepo wote."

Wote wawili walijua kwa nini alisema hivyo. Mama, Hiramaya, alifariki miaka minne nyuma, Jumanne saa tano asubuhi, kitanda namba kumi na saba. Nirjala alikuwa ghorofa ya chini akibadilisha diski iliyokufa. Walimpigia mara tatu, na mara zote tatu alijibu, "Nakuja, namalizia." Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa uso. Baba yake hakumlaumu, hata kwa jicho, na hilo lilimkaa rohoni kuliko tusi lolote ambalo angeweza kutukanwa.

Basi akajaza fomu ya likizo. Siku moja, Jumatano, tarehe kumi na sita Julai. Fomu za kampuni zilijazwa kwa tarehe za Kizungu kwa sababu mitambo haijui nyingine. Shobhakar akatia saini, akauliza, "Nani atakaa na mtambo?"

"Lekhnath."

"Anaweza?"

"Hatakuwa na la kufanya," Nirjala alisema. "Nitakuwa nimeshafanya yote."

Lekhnath Dhungel alikuwa na miaka arobaini na mbili, kumi na moja kati yake akiwa kwenye kiti cha pili cha chumba kile cha baridi. Alikuwa fundi mzuri, mwenye vyeti vyake, na kitambi, na tabia ya kumenya machungwa juu ya karatasi. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtazama Nirjala akifanya kazi. Hakupenda iwe hivyo.

"Didi, dada yangu, nipe basi neno la siri la mtambo," alimwambia Jumamosi ya kwanza, mji mzima umepumzika na wao wawili wako chini kule tangu saa kumi na mbili asubuhi. "Ukiteleza bafuni leo, nitamwambia nini Shobhakar?"

"Sitelezi. Nina ndara za mpira."

"Miaka kumi na moja nimekaa hapa kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka."

"Kula chungwa lako."

"Nimekula matatu! Utaniua kwa machungwa, didi, kabla mtambo haujaniua kwa baridi."

Alicheka, na Nirjala naye akacheka kidogo, lakini neno la siri hakumpa. Hakuwa na sababu ambayo angeweza kuitaja mbele ya watu. Alijiambia tu kwamba kumfundisha mtu kunachukua muda mrefu kuliko kufanya mwenyewe. Mimi nimewajua watu wengi wa namna hii, wanaobeba mzigo huku wanaguna, na ukinyoosha mkono kuwapokea wanakuangalia kama mwizi.

Walifanya chumba kimoja kila Jumamosi. Kwanza Nirjala alikitengea chumba nafasi kwenye diski, kubwa kama memori yote ambayo kingeweza kuidai siku ya kiu yake, ili kikipungukiwa kipate pa kuweka vitu vyake. Kisha alikivua kila kadi kiliyokuwa nayo. Chumba kinachotaka kuingia kwenye memori ya pamoja hakiruhusiwi kumiliki kifaa chake binafsi. Mawasiliano yote lazima yapite kwa bawabu mmoja wa wote. Mwishowe alikizima, akakibadilisha, akakiwasha tena, akakodoa macho mpaka taa ya kijani itokee.

Tiketi za mabasi ziliamka. Vifurushi vikaamka. Jumamosi ya tatu ikawa ya hospitali, na hospitali ikagoma.

Dakika arobaini ilikuwa imezimwa. Hospitalini wauguzi waliandika majina kwa kalamu, na simu ya Nirjala ililia bila kukoma. Alipekua mpangilio wa chumba kile mstari kwa mstari, jasho likimtoka ndani ya baridi, hadi alipoiona: kadi moja ya mtandao, ya zamani, imejibanza chini kabisa ambako hakuna mtu alikuwa ameangalia kwa miaka.

"Nani kaiweka hii?" alifoka. "Nani mjinga kaipa hospitali kadi yake peke yake?"

Lekhnath alivuta daftari la kumbukumbu za kazi, akafungua kurasa za miaka minane nyuma, akamsogezea. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe Nirjala.

"Sijasema kitu," Lekhnath alisema. "Mdomo wangu umejaa chungwa."

Waliiondoa, hospitali ikaamka, wauguzi wakaacha kalamu; chumba cha kata kingeingia Jumamosi ya nne bila shida. Kazi iliyobaki siku ile ilikuwa nyepesi, na ndiyo sababu aliifanya akiwa nusu macho.

Ilikuwa ni kuandika jedwali. Memori ya pamoja ina kitu kinachoitwa uzito: chumba chenye uzito mkubwa ndicho cha mwisho kunyang'anywa memori ikipungua. Nirjala aliandika programu ndogo ya kubadilisha uzito wa vyumba kufuatana na siku. Asubuhi za kawaida hospitali mbele. Kabla ya sikukuu mabasi mbele. Na mwisho wa Asar, kata mbele ya wote, maana mwaka wa serikali hufungwa na Asar, na kila ofisi ya kata inayolala miezi kumi na moja huamka ghafla, ikatandaza lami kwenye matope huku mvua inanyesha, ikapiga picha, na kuzipakia zote siku ya mwisho kabla ya saa kumi na moja jioni. Sote tunaijua kazi ya Asar. Ukiona barabara yenye kokoto zinazoelea, usiulize ilijengwa mwezi gani. Ikiingia tarehe mosi Saun, kata hurudi kulala, na programu ilikuwa inazipa uzito mdogo kuliko wote.

Lakini mtambo haujui Asar wala Saun. Na miezi yetu haina utii: mmoja una siku ishirini na tisa, mwingine thelathini na mbili, na mwezi uleule wa mwaka huu haulingani na wa mwaka jana. Hakuna fundi anayeweza kuuandikia kanuni. Wanajimu hukaa, kalenda huchapwa, na mtu huinakili kwa mkono. Nirjala aliinakili akiwa ametoka kwenye zile dakika arobaini, macho yanamwuma, na kwenye Asar jicho lake likaangukia mstari wa mwaka uliopita. Akaandika thelathini na moja.

Mtu atauliza, inakuwaje mwanamke wa Patan asijue mwezi wake una siku ngapi? Aulizwe mtu yeyote anayelala na kuamka na mitambo. Saa yake, simu yake, fomu zake, hata dawa zake za kichwa, zote zilikuwa na tarehe za Kizungu. Kadi za mwaliko wa janko zilikuwa mezani nyumbani wiki tatu, baba yake kazichapisha kwa rafiki zake wa zamani, na yeye alizitia kwenye bahasha zote bila kusoma hata moja. Alihesabu kwa jedwali lake: Asar unakwisha Jumanne, Jumatano ni tarehe mosi Saun, kata zimelala, mtambo umetulia, nami navuta kamba. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alijiona ana bahati.

Jumanne ilimpa sababu ya kujisifu. Lekhnath alikuwa mapumzikoni ili kesho yake ashike zamu. Nirjala alikaa peke yake akingoja kata zivamie, na hazikuvamia. Ripoti zilikuja kidogo kidogo. Hospitali haikuguna. Akatazama mistari ya memori ikipanda na kushuka kwa adabu, akajiambia, kazi yangu hiyo. Saa kumi na moja jioni ilipopita alivaa koti lake akaenda nyumbani, na jirani mmoja alipomwona kabla ya giza alimwuliza kama amefukuzwa kazi.

Jumatano kulikucha na manyunyu. Ua ulikuwa umejaa ukoo mzima: shangazi kwa sari zao za harusi, watoto, wapiga ngoma wamekaa chini ya turubai, mchele uliopondwa na maharage meusi na tangawizi kwenye majani, na masufuria yote sita ya shaba yakichemka kando ya ukuta. Kigari kilikuwa kimepakwa rangi na kuvishwa maua. Kiti chake kilikuwa cha watu wawili, kama ilivyo desturi, mume na mke. Astaman alikaa upande wa kulia. Upande wa kushoto waliweka mto mwekundu, na hakuna aliyeugusa.

Kuhani, kijana mwenye mafua, alianza kusoma dua za ufunguzi, ambamo lazima itajwe siku yenyewe, mwaka, mwezi, na tarehe.

"...mwezi wa Asar, siku ya thelathini na moja..."

"Thelathini na mbili," Astaman alisema toka kitini.

Kuhani akapenga kamasi.

"Asar wa mwaka huu una siku thelathini na mbili, na ya mwisho ni leo. Nimezipanga herufi zake miaka arobaini, Guruju. Usiniibie siku yangu."

Ua mzima ukaangua kicheko. Kila mtu alikijua kisa cha mzee: mwaka ule kiwanda chao kilipokosea kikachapa Asar wa siku thelathini na moja, na babu mmoja akaja toka Bhaktapur na bakora kudai siku iliyopotea. Alikuwa amekisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Nirjala alikuwa amekisikia mara nyingi hata hakukisikia tena.

Sasa alikisikia. Akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Saa nne kamili kata mia mbili zingefungua milango, zote na picha zao, siku ya mwisho ya mwaka, na mtambo, kwa amri ya mkono wake mwenyewe, ulikuwa unaamini kwamba ni Saun. Ungezinyang'anya memori yote na kuzipeleka uani, kwenye diski. Zingekwama. Saa kumi na moja jioni dirisha la serikali lingefungwa, fedha zisizoripotiwa zingerudi serikalini, na shule zinazongoja paa zingekaa mwaka mwingine chini ya mvua.

Mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea mlangoni. Alikuwa anahesabu teksi, daraja, foleni ya Thapathali, saa nzima kwenda. Akasema moyoni, nakwenda mara moja, namalizia, nitawakuta wakizunguka. Ndipo akageuka kumtazama baba yake, akamkuta anamtazama. Mzee aliijua sura hiyo. Hakukunja uso. Aliinamisha tu macho, akatazama ule mto mwekundu kando yake, akauweka sawa kwa mkono.

Nirjala alisimama. Akatoa simu kwenye blauzi. Akasogea chini ya michirizi ya paa, mvua ikimlowesha bega, akapiga.

"Lekhnath, leo tarehe ngapi?"

"Didi! Si leo janko ya mzee? Msalimie, mwambie na sisi..."

"Tarehe ngapi!"

"Thelathini na mbili Asar. Mbona? Kata zimeanza kunguruma tangu saa mbili, hata kabla ya kufungua ofisi. Chumba chao kinasuasua, nikadhani umekipangia hivyo. Wewe huwa una sababu zako."

"Sina sababu. Jedwali langu lina kosa."

Katika miaka kumi na moja Lekhnath hakuwahi kusikia sentensi hiyo, na kwa sifa yake, hakucheka.

"Sema nifanye nini."

"Fungua programu ya uzito. Itakuomba neno la siri."

"Imeomba."

Ngoma zilikuwa zimeanza. Nirjala aliziba sikio moja. Wapwa walikuwa wamekwisha kuipanga kamba, mmoja akimpungia mkono aje.

"Andika. H, I, R, A. M, A, Y, A."

"Halafu?"

"Kumi na saba. Kwa tarakimu."

Lekhnath alikuwa amekuja msibani. Alikuwa ameona jina hilo limeandikwa kwenye picha yenye maua. Akasema polepole, "Didi, hilo si la..."

"Andika, Lekhnath."

Akaandika. "Nimeingia. Naliona jedwali. Asar, mstari wa tatu."

"Moja ifanye mbili. Hifadhi. Iendeshe upya."

"Nimehifadhi. Naiendesha. Subiri." Nirjala alisikia vidole vyake kwenye vibonye, vya haraka, vya mtu anayejua kazi. "Uzito wa kata umerudi juu. Memori inapanda... inapanda... vifurushi vimeachia, mabasi yameachia. Hospitali hata haijakohoa. Kata zinapumua, didi."

"Hakikisha tena."

"Nimehakikisha. Nitakaa macho mpaka saa kumi na moja. Kavute kamba."

Simu ikakatika. Kwenye kioo pakaandikwa urefu wa mazungumzo, kama simu zifanyavyo kila siku bila mtu kusoma: dakika sita na sekunde kumi.

Nirjala aliisoma. Akaisoma mara ya pili. Akaikumbuka ile Jumanne ya mama, diski iliyokufa, na Lekhnath kwenye kiti cha pili, na chungwa, akimwambia, nenda didi, mimi nipo, na yeye akimjibu bila kugeuka kwamba anamalizia. Dakika sita. Alihisi kitu kimemvunjika kifuani, na hakikuwa uchovu, uchovu aliuzoea. Yalikuwa majuto, mazima, ya miaka minne, yakimjia yote kwa pamoja chini ya paa linalochuruzika.

"Dada! Tunakungoja wewe!" mpwa mmoja aliita.

Alikwenda. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. Akina shangazi walimwona wakasukumana viwiko, "Analia kwa furaha, maskini, baba yake huyo," na mmoja akamtia mdomoni kipande cha yai la sagani, yai la baraka la sherehe. Alikitafuna. Akashika kamba mahali pa kwanza, mbele ya wote, kwa mikono miwili.

Toka juu ya kigari Astaman aliinama, taji limemkaa upande, tone la mvua puani.

"Walikuita kazini?"

"Walikuwa na tatizo, Baba. Limekwisha. Lekhnath amelimaliza."

Mzee alifikiri kidogo. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu kujua.

"Kumbe huwa ni upesi hivyo?"

Nirjala aliitupia kamba begani, akainamisha kichwa, akaanza kuvuta.